Damu Kwenye Uzi wa Kiti

Tulimwacha Dobi wiki iliyopita kiganja chake kikiwa juu ya injini. Asiyeisoma sehemu ile hajachelewa. Dalali wa pikipiki alikuwa amekula yamini, mkono juu, kwamba pikipiki ile nyekundu haijawashwa siku nne nzima. Dobi akainama, akaigusa.

Ikamuunguza.

Alikirudisha kiganja taratibu, akautazama wekundu ukijitokeza chini ya vidole, kisha akamtazama Dalali. Dalali alikuwa bado anatabasamu, na kwenye pembe za mdomo wake kulikuwa na ute mweupe uliokauka tangu asubuhi.

"Ni jua hilo, dada yangu," akasema.

Pikipiki ilikuwa imesimama chini ya bati, nyuma kabisa ya yadi, mahali ambapo hata ukuta ulikuwa umeota ukungu. Jua lilikuwa halijafika huko, na pengine halifiki mwaka mzima.

Dobi akageuka kumtafuta shemeji yake.

Shemeji huyu ni fundi pikipiki, mume wa dada yake wa pekee, na ndiye aliyemleta hapa ili amsaidie kukagua. Ndiye pia aliyemfundisha kuendesha, jioni baada ya jioni kwenye uwanja wa mpira, miezi mitatu mpaka leseni ikatoka. Somo la kwanza kabisa alilompa lilikuwa hili: ukienda kununua chombo kilichotumika, kiguse kabla ya kusalimia. Kikiwa cha moto, ujue kuna mtu amekiamsha kabla hujafika, maana kikipoa hakiwaki. Ondoka zako.

Sasa mwenye somo alikuwa ameegemea nguzo, anachokonoa sikio kwa ufunguo. Akauchomoa, akaitazama ile ncha kwa makini, akaifuta kwenye suruali.

"Injini za aina hii hukaa na joto," akasema. "Usiwe na papara, shemeji. Chombo kizuri hiki."

Dobi akakitazama tena kiganja chake kilichoungua.

Angekuwa na nafasi ya kuchagua, angeondoka pale pale. Lakini ilikuwa Jumamosi, na Jumatatu ndiyo siku. Mama mwenye nyumba tatu za wageni alikuwa amemwambia bila kuzunguka: mashuka yanachukuliwa kila asubuhi kabla ya saa mbili, na dobi asiye na chombo chake asijisumbue kuja. Miaka tisa Dobi alifua mashuka ya hospitali kwa mshahara wa kuchekesha. Miaka miwili iliyofuata akabeba mafurushi ya watu kichwani, nyumba kwa nyumba, mpaka shingo ikawa haigeuki vizuri upande wa kulia. Kazi hii ya nyumba za wageni ndiyo aliyokuwa akiiomba Mungu. Helmeti alishanunua. Glavu alishanunua. Fedha alikuwa nayo kwenye kibegi kiunoni, chini ya blauzi. Kilichobaki ni pikipiki tu.

Basi akapiga moyo konde. Akawaambia ataikagua yote, tairi mpaka tairi, na wao wasubiri.

Dalali akamkaribisha aikague mpaka achoke. Kisha akakohoa, akavuta kutoka chini kabisa ya kifua, akatema pembeni. Kohozi likanata kwenye ringi ya pikipiki ya jirani, likaanza kuteremka polepole. Hakuna aliyejali isipokuwa Dobi.

Alianza na mnyororo, kama alivyofundishwa. Ulikuwa umepakwa grisi mbichi, nyingi kuliko inavyohitajika. Taa zilikuwa nzima. Tairi la nyuma lilikuwa jipya, la mbele lilikuwa kipara. Akapanda na macho mpaka kwenye kiti, na hapo akasimama.

Kiti kilikuwa kinang'aa kupita kiasi. Akakisogelea kwa pua. Dawa ya viatu.

Akatoa leso mfukoni, akailowesha kwa maji ya chupa yake, akasugua. Leso ikatoka nyeusi. Akasugua tena, safari hii akifuata mshono. Mbele, anapokaa dereva, uzi ulikuwa mweupe kama ulivyotoka kiwandani. Nyuma, anapokaa abiria, ulikuwa wa rangi ya kahawia.

Yako mambo mengi ambayo Dobi hayajui kuhusu pikipiki. Kuhusu damu hana wa kumfundisha. Damu hufuliwa kwa maji baridi, mapema, ikiwa bado mbichi. Mtu asiyejua huimwagia maji ya moto, akidhani moto huondoa kila kitu, na hapo ndipo anapoipika ndani ya uzi ikakaa humo maisha. Aliyeosha kiti kile alikuwa na haraka, na alichemsha maji.

Dobi akakibonyeza kiti kwa dole gumba. Sponji ikatoa pumzi yake. Harufu ilikuwa tamutamu na nzito, ya kitu kilichofungiwa mahali kikaoza bila kumsumbua mtu. Alikuwa ameivuta harufu hiyo miaka tisa, kila asubuhi, kwenye mapipa ya mashuka ya chumba cha upasuaji. Mate yakamjaa mdomoni. Hakuyameza wala hakuyatema.

"Mlibeba nini hapa?" akauliza.

"Mbuzi," Dalali akajibu upesi. "Mwenyewe alikuwa anapelekea watu wa bucha."

Dobi akamweleza, kwa utulivu wa mtu anayejizuia, kwamba kila Alhamisi anafua aproni za bucha mbili. Damu ya bucha huja na mafuta. Ukiimwagia maji, maji yanakimbia. Akasugua uzi kwa kidole, akamnyooshea Dalali kidole hicho, kisicho na utelezi wowote.

"Mbuzi gani huyu asiye na mafuta hata chembe?"

Tabasamu likateleza. Dalali akamtazama yule shemeji mara moja, haraka, kama mtoto anavyomwangalia mwenzake wakishikwa. Dobi akaliona hilo jicho, na hakulipenda.

Shemeji akajitoa kwenye nguzo, akaja akicheka. "Pikipiki si shuka, shemeji. Hulali juu yake. Tukianza kunusa viti vya watu hapa tutaondoka lini?"

Wakacheka wote wawili. Kicheko cha Dalali kilikuwa na makohozi ndani yake. Dobi akawaacha wacheke, akapitisha mkono ubavuni mwa kiti, akakipata kile kidude cha kufungulia.

Hapo shemeji akaacha kucheka.

"Huko huna haja ya kufungua. Ni betri tu."

Akauweka mkono wake juu ya mkono wa Dobi. Ulikuwa umelowa jasho, wa uvuguvugu, na vidole vilikuwa na weusi wa oili uliokaa kwenye kucha tangu siku aliyomwoa dada mtu. Dobi alitamani kunawa. Badala yake akavuta kwa nguvu, na kiti kikafunguka.

Ilikuwepo betri kweli. Zilikuwepo nyaya. Na nyuma ya betri, limeshindiliwa ili betri isigonge, lilikuwepo tambara la buluu.

Mafundi wana ugonjwa wao, nao ni kutotupa tambara. Ukimfungua fundi yeyote tumboni pengine utakuta tambara. Dobi akalivuta. Halikuja laini. Lilikuwa limekauka, linavunjikavunjika mikunjo, na lilipokunjuka akaona kwamba ni mkono wa shati, uliochanwa begani.

Mtu mwingine angelitupa akanawa. Yeye akaligeuza pindo ndani nje, kwa mazoea tu, kama anavyoligeuza kila shati linalopita mikononi mwake.

Kila dobi ana namna yake ya kujua nguo ni ya nani. Wengine huandika kwa wino. Wengine hufunga vifundo. Dobi wetu hushona. Anatia nyuzi mbili tatu za rangi ndani ya pindo la mkono wa kushoto, mahali ambapo mwenyewe hawezi kuziona wala kuzihisi. Mwalimu ni nyekundu tupu. Mwenye duka la dawa ni nyeupe na nyeusi. Na huyu hapa, aliyekauka kwa damu mkononi mwake, alikuwa na kijani mbili na njano moja.

Kijani mbili na njano moja ni Mlinzi.

Hakuna mtu mtaani asiyejua habari ya Mlinzi. Wiki sita zilizopita, alfajiri, mzee wa watu alitoka lindoni kwenye moja ya zile nyumba za wageni, akaanza kurudi nyumbani kwa miguu. Tochi yake na kiatu kimoja viliokotwa barabara kuu. Yeye mwenyewe aliokotwa kilomita mbili mbali, kwenye jaa la taka nyuma ya soko, paja limevunjika mara mbili, nzi wamekwisha kumfikia. Watu wakakuna vichwa. Mtu aliyevunjika paja anatembeaje kilomita mbili? Wengine wakasema wezi. Wengine wakasema mambo ya kusemwa kwa sauti ya chini.

Dobi hakusema kitu. Yeye alimpelekea supu. Kila Jumamosi, supu na mashuka safi, bila malipo, kwa sababu mzee alikuwa akimfungulia geti kwa heshima wakati wengine walimwita mbeba matandiko.

Sasa jibu la kitendawili cha mtaa mzima lilikuwa mkononi mwake, linanuka.

Akamgeukia Dalali, akamuuliza nani aliyeileta pikipiki hii hapa. Dalali akaruka kimanga. Vyombo vinakuja, vyombo vinakwenda, yeye hana kumbukumbu ya kila mtu. Dobi akalinyanyua lile tambara na kumwambia kwamba basi atatoka nalo mpaka mbele, kwa wateja wale wanaokunywa chai, aulize kama kuna anayemkumbuka mwenye shati.

Dalali akanywea. Sura yake ikawa kama ya mtu aliyeona bili ya hospitali.

"Mimi dalali tu, dada yangu. Usiniingize. Mwenye mali ndiye huyo hapo nyuma yako. Muulize yeye."

Nyuma ya Dobi palikuwa na mtu mmoja.

Hebu tuyapange vizuri, maana yanatia kichefuchefu hata kuyaandika. Mtu aliyejitolea kumkagulia chombo ndiye mwenye chombo. Aliyesimama upande wake ndiye aliyekuwa anamuuzia. Mbuzi alikuwa ndani ya gunia, na aliyeshika mdomo wa gunia ni mume wa dada yake, ambaye jana tu alikula chakula cha Dobi, akashiba, akajilamba vidole kimoja kimoja, akasema kesho twende nikakutafutie kitu cha maana.

Dobi hakugeuka mara moja.

Alipogeuka, shemeji alikuwa amekwisha kuvaa sura ya msiba. Akamwomba wasogee pembeni. Dobi akakataa kusogea. Basi shemeji akaanza kueleza pale pale, kwa sauti ya kunong'ona, huku Dalali akijitia hamnazo na kusugua kioo cha pikipiki nyingine kisichokuwa na vumbi.

Alisema alikuwa anajaribu injini. Alisema mzee alitokea ghafla. Alisema, na hapa akaweka mkono kifuani, kwamba hakumkimbia. Alimwinua, akampakia nyuma, akamfunga na mkanda kiunoni mwake mwenyewe, akampeleka hospitali. Mbio. Roho mkononi.

"Hospitali haipo jaani," Dobi akasema.

Shemeji akajikuna shingo. Ikatoka nongo chini ya ukucha, akaipukuta. Alifika mpaka getini, akasema. Getini pale wanaandika jina la anayemleta majeruhi, na karibu na meza palikuwa na askari. Akafikiria karakana yake. Akafikiria watoto. Akaona ataumbuka bure, na mzee atapona tu.

"Lakini kwa nini jaani?"

"Watu wa taka hupita mapema," akasema. "Nilijua watamwona."

Alilisema hilo kama mtu anayeeleza hisani aliyomfanyia mwenziwe. Alichagua jaa kwa busara. Alimtafutia mzee mahali penye wapita njia. Dobi akamtazama midomo ikicheza, akajiuliza dada yake amelala vipi na mtu huyu wiki sita, kitanda kimoja, shuka moja.

"Dada anajua?"

"Dada yako hajui lolote." Jibu lilitoka kabla swali halijakaa vizuri. "Wala usimtaje. Dada yako mwache kabisa."

Kisha akaanza kubembeleza. Atapunguza bei. Atampa bure, basi, aichukue hivi hivi, kesho yake abadilishe kiti na rangi, Jumatatu aende kazini, nani atajua? Familia ni familia. Dada yake ndiye aliyeacha shule darasa la saba, mama yao alipofariki, ili yeye Dobi asome. Leo atamfanya mjane wa mtu aliye hai?

Msomaji, tusidanganyane. Dobi alisikia bure, na kwa kitambo kama cha kupepesa jicho aliiona Jumatatu. Alijiona akipita na mashuka nyuma, shingo imenyooka. Aliiona picha hiyo, na ndiyo maana baadaye alijichukia kuliko alivyomchukia shemeji.

Akakifunga kiti. Akalikunja tambara, akalitia kwenye kibegi, pamoja na zile fedha zake safi. Akavaa helmeti. Akanyoosha mkono kwa Dalali, naye Dalali, bila kuulizwa mara mbili, akampa ufunguo.

"Panda," akamwambia shemeji yake.

"Twende wapi?"

"Uchague mwenyewe. Kituo cha polisi, au kwa Mlinzi ukamtazame usoni umwombe radhi kwa mdomo wako. Moja kati ya hayo, na ni sasa hivi."

Shemeji akatazama geti la yadi. Akatazama kile kibegi kiunoni mwa Dobi. Akafanya hesabu zake, unaona kabisa zinavyopita usoni, na akaona mzee mgonjwa ni nafuu kuliko askari. Akapanda. Akakaa pale pale, juu ya ule uzi wa kahawia, na Dobi akahisi kiti kikishuka kwa uzito wake na ile pumzi ya sponji ikitoka tena.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kupakia mtu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia barabara kuu. Uwanjani palikuwa na magoli mawili tu ya kukwepa. Aliachia klachi haraka mno, pikipiki ikaruka kama imekanyagwa mkia, ikazima katikati ya geti. Watu wa chai wakapiga makofi. Akaiwasha upya. Injini ikawaka, maana ilikuwa bado ya moto.

Gia ya kwanza. Ya pili. Nyuma yake shemeji alikuwa anahema kwenye shingo yake, pumzi ya kahawa na jino bovu, na vidole vimeshika blauzi kiunoni kwa nguvu. Kila alipofunga breki tumbo la mtu huyu lilimgandamiza mgongoni, laini na la moto. Alikaza meno. Lori likawapita karibu, upepo wake ukawatikisa, na shemeji akaanza kusali kwa sauti. Mtu aliyembwaga mwenziwe jaani alikuwa anamwomba Mungu asimwangushe.

Hawakuanguka. Jasho lilikuwa linamchuruzika Dobi ndani ya helmeti alipokata kona ya mwisho, akateremka na gia ya kwanza mpaka uani kwa Mlinzi, akasimamisha. Alikuwa ameweza. Siku nyingine angefurahi mpaka alie.

Mlinzi alikuwa amekaa mlangoni juu ya godoro, mguu umenyooshwa, vyuma vimetokeza pajani kama misumari ya ubao uliovunjika. Mkewe alikuwa kando ya jiko, anachochea maji. Jirani wawili walikuwa wanaanika nguo.

Mzee hakumtazama shemeji hata kidogo. Alikuwa anaitazama pikipiki. Aliitazama kutoka taa mpaka taa, kisha akapandisha macho kwa Dobi, ambaye alikuwa bado ameshika usukani, kioo cha helmeti kimefunuliwa.

Machozi yakamlenga mzee.

"Umekuja nayo," akasema. "Afadhali. Nilijua utakuja nayo."

Dobi akaanza kusema shikamoo, baba, huyu hapa ana neno lake. Mzee akanyanyua mkono, akamkatiza.

"Ngoja nimalize, mwanangu, nimelibeba kwa wiki sita. Asubuhi ile ulifunua kioo hivyo hivyo, ukaniinamia. Nilikuona uso kwa uso kabla sijazimia. Mama huyu alitaka twende polisi siku ya kwanza. Nikamkatalia. Nikamwambia, mtu anayeniletea supu kila Jumamosi ana kitu kinamsumbua. Mwache. Atakuja kusema mwenyewe."

Maji ya mke wa Mlinzi yalikuwa yanachemka.

Dobi akayarudia maneno ya mzee kichwani. Mwanamke. Aliyekuwa anaendesha ni mwanamke. Shemeji alikuja baadaye, akaitwa, akabeba, akabwaga. Na uso huu, uso alio nao yeye kichwani, uko kwa mtu mmoja mwingine tu duniani. Tangu utotoni watu wamewachanganya, walimu, wakwe, mpaka baba yao wa kambo. Nani alikuwa akija uwanjani kila jioni kumsubiri mume wake, akakaa kwenye tairi bovu na kuuliza, kwa utani tu, gia ya kwanza iko juu au chini?

Dada yako mwache kabisa, alikuwa amesema.

Akageuka polepole. Angemtaja nani sasa? Ili ajivue hatia yeye ilimbidi amvishe dada yake, hapa, mbele ya mguu huu, kwa ushahidi wa uso wake mwenyewe. Alimtazama shemeji kwa mara ya kwanza akiomba, kwa macho tu, aseme neno moja la ukweli.

Shemeji alikuwa ameelewa kabla yake. Unaweza kumwona mtu akipata mlango. Mabega yakamshuka, rangi ikamrudi usoni. Akateremka kutoka kwenye kiti, akafuta viganja kwenye suruali, kimoja kisha kingine, akatembea mpaka kwenye godoro na kuchuchumaa. Akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili.

"Pole, mzee wangu," akasema kwa upole. "Imenichukua muda kumshawishi, lakini nimemleta. Amekuja kuomba radhi."

Mke wa Mlinzi akaiepua sufuria. Akachukua simu juu ya kigoda, akamsogelea Dobi mpaka karibu na usukani, akamwomba jina lake kamili, lile la kwenye leseni.